Kabla ya Kubonyeza

Kitufe chenyewe hakidai hata sekunde. Kwa desturi, ukigusa PrtSc, kompyuta inanakili kila nukta iliyo mbele yako na kuiweka tayari kubandikwa popote. Ndiyo maana picha ya skrini huonekana kuwa kazi isiyo na ufundi: kitufe kipo, kidole kipo, basi. Mwalimu mmoja wa kompyuta mjini Morogoro huifanya kwa namna nyingine kabisa. Anaandika miongozo kwa ajili ya walimu wa shule za msingi, namna ya kutunza mahudhurio ya wanafunzi katika Excel na namna ya kupanga alama za mtihani, na katika miongozo hiyo picha ndizo zinazobeba somo. Picha moja, tangu anapoiwaza mpaka inapokaa ukurasani, inaweza kummalizia nusu saa. Nilikaa pembeni yake nikimtazama, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba sehemu kubwa ya nusu saa hiyo hupita kabla kitufe hakijaguswa.

Anaanza kwa kusafisha. Picha ya nyuma ya eneo-kazi inaondolewa, rangi nyeupe tupu inawekwa mahali pake. Aikoni zote zinafichwa. Arifa zinazimwa, ili ujumbe wa mtu usije ukachomoza pembeni mwa somo. Programu zisizohusika zinafungwa, moja baada ya nyingine, hata ile ya muziki ambayo haionekani popote. Weupe ule wa nyuma una sababu yake: pembe za madirisha ya Windows 11 zimeviringwa, na ukikata picha kwa mstatili, kwenye kila pembe hubaki kipande kidogo cha kilichokuwa nyuma. Nyuma pakiwa na picha ya ufukwe, kila pembe itakuwa na chembe za buluu. Pakiwa peupe, pembe zinayeyuka ndani ya karatasi.

Halafu vipimo. Anaweka ukuzaji wa skrini kwenye asilimia 100 na dirisha la Excel kwenye upana wa pikseli 1280 na urefu wa pikseli 720. Hakadirii kwa macho, anatumia programu ndogo inayolipa dirisha vipimo kamili anavyotaka, na vipimo hivyo ameviandika kwa kalamu kwenye daftari lake pamoja na tarehe, toleo la Excel na ukubwa wa mwandiko. Picha ya leo na picha atakayoipiga baada ya miezi mitatu zitakaa ukurasa mmoja. Dirisha likiwa pana leo na jembamba siku hiyo, msomaji atadhani ameonyeshwa programu mbili.

Baada ya hapo anaandaa kitu cha kupigwa picha, na hapa ndipo nilipoanza kumvulia kofia. Mwongozo wa mahudhurio unahitaji orodha ya wanafunzi. Njia rahisi ni kufungua orodha ya darasa lolote halisi, kwani anazo nyingi. Hafanyi hivyo kamwe. Majina ya watoto na siku walizokosa shule si vya kutawanywa kwa kila atakayepata nakala. Lakini pia hapendi orodha ya Mwanafunzi A, Mwanafunzi B, kwa sababu majina yenye urefu mmoja huficha matatizo. Darasa lake la mazoezi lina majina ya miti: Mnazi, Mbuyu, Mwembe, Mkorosho, Mpapai, Mwarobaini. Mwarobaini yupo kwa makusudi. Jina lake ndilo refu kuliko yote, na safu ikiwa nyembamba litamezwa na seli inayofuata. Kwa hiyo msomaji anaona mapema tatizo atakalokutana nalo kwenye darasa lake, na anaona pia namna safu inavyopanuliwa.

Mahudhurio yenyewe ameyajaza kwa 1 na 0, aliyekuwepo na asiyekuwepo. Siku 31 za mwezi zinaanzia safu ya C na kuishia safu ya AG, na jumla inapigwa mwishoni. Nilidhani angejaza haraka haraka, moja tupu kila mahali, maana hakuna anayesoma tarakimu hizo. Alijaza kwa kufikiri. Jumamosi na Jumapili ziko wazi. Mpapai amekosa siku tatu mfululizo, kama mtoto aliyeugua. Mkorosho anakosa kila Jumatatu. Jumla ya kila mstari ni tofauti na ya jirani yake, ili mwalimu anayefuata mwongozo aweze kuhesabu mwenyewe na kukubali kwamba kompyuta imejumlisha sawasawa. Kama wote wangekuwa na 20, jumla isingethibitisha chochote.

Sasa anachagua wakati. Kila hatua ya programu ina nyakati nyingi: kabla ya kubofya, menyu ikiwa wazi, dirisha dogo likiuliza swali, matokeo yakiwa yametokea. Mwandishi mwenye pupa hupiga zote, na mwongozo ukafura kwa picha zinazofanana. Mwalimu huyu hujiuliza swali moja tu, nalo hulisema kwa sauti ya chini huku akisogeza kipanya: mtu akifika hapa, macho yake yatatafuta nini? Kama jibu ni kitufe, anapiga kabla ya kubofya. Kama jibu ni hakikisho kwamba hajaharibu, anapiga matokeo. Hatua ambazo jicho halitafuti kitu, kama kuandika namba ndani ya seli, hazipewi picha. Sentensi inatosha.

Wakati mgumu kuushika ni ule wa menyu. Menyu huwa wazi ukiwa umeielekea, na ukigusa kitu kingine inajikunja. Kwa hiyo anatumia kifaa cha Snipping Tool kilichomo ndani ya Windows, anakipa ucheleweshaji wa sekunde tano, anabofya kitufe cha picha mpya, kisha anarudi kwenye Excel bila haraka. Anafungua menyu. Anashusha kishale mpaka kwenye mstari anaoutaka, mstari unabadilika rangi, mkono unaachia kipanya na kuinuka hewani. Anasubiri. Skrini nzima inafifia kidogo na kuganda, menyu ikiwa wazi vilevile, na hapo ndipo anaporudi kuvuta mstatili wake. Kwenye picha kishale chenyewe hakitokei, kwa kuwa kifaa hiki hakikichukui. Yeye hulifurahia hilo: ule mstari uliobadilika rangi unatosha kuonyesha mahali.

Kitufe cha PrtSc kina umri mkubwa kuliko walimu wengi wanaosoma miongozo hii. Kilikuwepo kwenye kibodi ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, kikigawana nafasi na alama ya nyota, na siku hizo kilifanya kile jina lake linachosema. Ukishika Shift na kukibonyeza, maandishi ya skrini, mistari 25 yenye nafasi 80 kila mmoja, yalikwenda moja kwa moja kwenye printa na kutoka kwenye karatasi. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuja na njia yake, vitufe vitatu kwa pamoja, Command na Shift na 3, na skrini yake ya pikseli 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu, ikahifadhiwa kama faili la mchoro ambalo mtu angeweza kulifungua na kulichora juu yake. Windows ikaja kukigeuza kitufe kile cha zamani kuwa cha kunakili, na katika matoleo ya karibuni ya Windows 11 kikibonyezwa kinafungua Snipping Tool. Wanaotumia Macintosh mpaka leo wanabonyeza vitufe vilevile vya 1984. Kazi ya kuuzuia mwanga wa skrini usipotee ina zaidi ya miaka arobaini, na mwalimu wangu anairithi bila kuisimulia.

Picha ikishapatikana, haihifadhi papo hapo. Anaikuza mpaka asilimia 400 na kuitembelea kona kwa kona, kama mshonaji anayepitisha kidole kwenye mshono. Anatafuta nini? Mstari wa kijivu uliokatwa nusu pembezoni. Mwandiko ulioingia ukungu. Alama ya kuandikia iliyokuwa ikiwaka na kuzima ndani ya seli, ambayo kwenye picha moja ipo na kwenye ya pili haipo. Wakati mwingine anakuta herufi zina ukingo mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili. Hiyo ni ClearType, mbinu ya Microsoft ya kulainisha mwandiko kwa kuwasha vipande vitatu vya kila pikseli, chekundu, kijani na buluu, kila kimoja kwa nafasi yake. Kwenye skrini jicho halizioni rangi hizo. Kwenye karatasi zinaweza kuonekana kama uchafu. Akizikuta, anaizima ClearType, anapanga upya dirisha na kupiga tena. Sikumsikia akiguna.

Faili anahifadhi kwa mfumo wa PNG, na hapa hana mjadala. JPEG ilitengenezwa kwa picha za kamera, nyuso na mawingu na majani, ambapo rangi hubadilika polepole. Inaigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho halitayakosa. Lakini herufi nyeusi juu ya weupe haibadiliki polepole. Inakatika ghafla, na JPEG ikijaribu kuelezea kukatika huko inaacha vumbi la kijivu kuizunguka kila herufi. PNG, iliyopitishwa rasmi mwaka 1996, haitupi kitu. Inatafuta kinachojirudia na kukiandika kwa ufupi, na skrini ya Excel ina marudio tele: weupe, mstari, weupe, mstari. Dirisha lake la 1280 kwa 720 lina pikseli 921,600, ambazo zikiandikwa moja moja kwa rangi zake tatu ni baiti 2,764,800. Faili la PNG linalotoka ni sehemu ndogo tu ya hizo, na ukilifungua kila nukta iko pale ilipokuwa.

Inakuja hatua ya kukata, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa kuwa mwalimu anaifanya akiwa na rula ya plastiki mkononi. Ukurasa wake ni wa A4, pembezoni ameacha sentimita 2.5 kila upande, kwa hiyo upana wa kuandikia ni sentimita 16. Akiliweka dirisha zima la pikseli 1280 ndani ya sentimita hizo 16, kila pikseli inapata milimita 0.125. Mstari mmoja wa Excel, ambao kwa kawaida una urefu wa pikseli 20, unakuwa milimita 2.5, na herufi ndogo ya pikseli 7 inabaki haifiki milimita moja. Anaiweka rula juu ya karatasi aliyoichapisha kwa majaribio na kunionyesha. Herufi inasomeka, ndiyo, kwa macho ya kijana na mchana kweupe. Akikata nusu, pikseli 640 kwa upana uleule, kila pikseli inapata milimita 0.25, mstari unakuwa milimita 5, na mwalimu wa miaka hamsini na tano anasoma bila kuinua karatasi kuelekea dirishani.

Kwa nini basi asikate zaidi, abaki na kitufe peke yake? Kwa sababu kitufe peke yake hakina makao. Msomaji atakiona kwenye karatasi, atainua macho kwenye skrini, na hatajua aanzie kulia au kushoto. Kila mkato wa mwalimu huyu hubakiza angalau ukingo mmoja unaotambulika, kona ya juu yenye menyu, au herufi za safu, au namba za mistari. Kwanza anakata kwa ukarimu, anatazama, anapunguza kidogo, anatazama tena. Mahali kitufe kilipo mbali mno na kona yoyote, anatoa picha mbili: moja pana ya kuonyesha mtaa, moja ya karibu ya kuonyesha nyumba. Na haruhusu picha ivutwe kwa vipimo vya ovyo. Ikibidi kukuzwa kwenye kompyuta, inakuzwa mara mbili au mara tatu kamili, ili pikseli moja iwe nne au tisa zilizo sawa, na mwandiko ubaki na kingo zake.

Alama zinafuata. Wengi huchora mshale mwekundu, na kwenye skrini mshale mwekundu unapendeza. Lakini miongozo hii haisomwi kwenye skrini. Nakala moja inachapishwa, inapelekwa steshenari, inatolewa kopi nyeusi na nyeupe, na kopi hiyo nayo inatolewa kopi. Baada ya vizazi viwili vya mashine, wekundu ni kijivu kilichochanganyika na mistari ya Excel, na njano iliyopakwa kusisitiza seli imetoweka kabisa. Mwalimu anatumia mstari mweusi wenye ukingo mweupe nje yake, ambao hausimami juu ya kitu chochote ukapotea, na namba nyeupe ndani ya duara jeusi: 1, 2, 3. Sentensi za chini zinabeba namba hizohizo. Mwongozo ni wa Kiswahili, lakini Excel ya shule nyingi ina menyu za Kiingereza, kwa hiyo jina la kitufe analiandika vilevile lilivyo kwenye skrini, herufi kwa herufi, kisha analieleza. Alama tatu kwa picha moja ndio mpaka wake. Ya nne ikihitajika, hiyo ni picha nyingine.

Kuna picha moja ambayo haikuepukika kuwa na taarifa za kweli: dirisha la kuhifadhi faili, ambalo juu yake lilikuwa na jina lake na anwani yake ya barua pepe. Alizifunika kwa mstatili mweusi mzito. Hakutumia ukungu, kwa kuwa maandishi yaliyopakwa ukungu au kugeuzwa miraba wakati mwingine yanaweza kukisiwa upya. Halafu akaihifadhi kama faili jipya kabisa, badala ya kuliandikia juu lile la kwanza. Tabia hiyo ina historia. Machi 2023 wataalamu wa usalama walionyesha kwamba kifaa cha kukata picha cha simu za Google Pixel, na baada ya siku chache kile cha Windows pia, kilipohifadhi picha iliyokatwa juu ya faili la zamani kiliacha mabaki ya ile ya kwanza mwishoni mwa faili, na sehemu iliyokatwa ikaweza kurudishwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa. Mwalimu ameendelea na faili jipya. Kwa sababu hiyohiyo hakati picha ndani ya Word, maana Word huificha sehemu iliyokatwa bila kuiondoa, mpaka uiagize ifutwe.

Majina ya mafaili yake hayana mapambo: namba ya sura, namba ya picha, neno moja. Asili isiyokatwa inakaa kwenye folda yake na haiguswi tena.

Kisha akamwita msomaji. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mama wa makamo, aliyekuwa hajawahi kufungua Excel. Baada ya shikamoo alimpa kurasa za kopi, zile zilizopauka za kizazi cha pili, akamkalisha mbele ya kompyuta ya shule, akarudi nyuma hatua mbili na kushika penseli.

"Mwanangu, hapa nibonyeze wapi?"

"Uulize ukurasa, mama. Mimi leo sipo."

Mama alicheka, akauuliza ukurasa. Kidole chake kilishuka kwenye karatasi, kikapanda kwenye skrini, kikashuka. Mwalimu hakusema neno. Kila kidole kilipositasita aliweka nukta ya penseli kwenye nakala yake, na ulipofika mwisho wa sura ya pili zilikuwa nukta chache tu, isipokuwa pale pa kugandisha safu ya majina ili isitoroke ukisogea kulia. Hapo kidole kilisimama kabisa.

"Picha yako ina kitu ambacho kwangu hakipo," mama akasema.

Alikuwa sahihi. Kompyuta ile ilikuwa na skrini ya pikseli 1366, lakini ukuzaji wake ulikuwa umewekwa asilimia 125, ili mwandiko uwe mkubwa. Kwa hesabu hiyo Excel ilikuwa imebakiwa na upana wa kama pikseli 1093 tu, na ikikosa nafasi huwa inavikunja vitufe vyake vya juu, kundi zima likawa kitufe kimoja cha kufungua. Kile ambacho picha ilikionyesha waziwazi, kwa mama kilikuwa ndani. Mwalimu alizunguka vyumba viwili akikagua kompyuta nyingine za shule. Nyingi zilikuwa zimewekwa hivyohivyo, na kwa sababu ileile ya macho.

Aliketi, akafungua daftari la vipimo, akafuta 1280 kwa mstari mmoja na kuandika 1090. Kisha akahesabu picha zote zilizoonyesha vitufe vya juu, katika sura zote, zikiwemo zile ambazo mama alizipita bila kusita. Akafungua faili la miti, akalipa dirisha upana mpya, akatazama menyu zikijikunja, akaanza na picha ya kwanza.